Kwa Nini Mwingereza "Hugeuza" Taa? Historia ya Maneno "Turn Off"

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili haya ya Kiingereza, moja kando ya jingine: "turn off". Hutamkwa karibu na "tan of". Wanafunzi, yaandikeni katika madaftari yenu, kisha wekeni kalamu chini msikilize.

Mtu akifungua kamusi ya Kiingereza ataona kwamba "turn" maana yake ni kugeuza au kuzungusha. Neno "off" lina maana ya kutoka, kuachana, kuwa mbali. Akiyaunganisha atapata "geuza mbali". Basi akimsikia Mwingereza anasema, "Turn off the light," huenda akafikiri ameambiwa aishike taa aielekeze upande mwingine. Kumbe ameambiwa azime taa.

Wanafunzi wengi wakifika hapa hukata tamaa. Husema kwamba Kiingereza hakina utaratibu, kwa kuwa maneno mawili ukiyajua yote, bado ukiyaweka pamoja huyajui. Lakini lugha ya watu haikosi sababu. Usemi mwingi ulianza kwa mkono wa mtu aliyekuwa akifanya kazi fulani na chombo fulani. Baadaye chombo kikatoweka, watu wakakisahau, usemi ukabaki. Leo tutautafuta mkono uliogeuza, na kitu kilichogeuzwa. Tena tutaona kwamba tofauti kati ya kuzima moto na "turn off" si mchezo wa maneno. Palikuwa na wakati ambapo watu walikufa kwa kutoijua, na hatari hiyo haijaisha hata leo.

MANENO YENYEWE YALITOKA WAPI

Tuanze na neno "turn". Neno hili ni la kale sana. Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani, na Warumi nao walilipata kwa Wagiriki. Kwa Warumi lilikuwa neno la fundi seremala: maana yake ilikuwa kukereza, yaani kuzungusha kipande cha mti kwenye keezo huku patasi ikikichonga mpaka kiwe cha mviringo. Watu wa pwani yetu wanaijua kazi hiyo, kwa maana miguu ya vitanda vya kifahari hukerezwa hivyo. Basi tangu mwanzo neno "turn" lilikuwa neno la mkono na la kitu kinachozunguka. Likumbukeni hilo, kwa maana tutalihitaji.

Neno "off" nalo lina ndugu yake. Zamani "off" na "of" yalikuwa neno moja. Lilipotamkwa kwa nguvu lilichukua maana ya kutoka na kuachana. Lilipotamkwa kwa wepesi likawa neno dogo linalofanana na "-a" yetu katika "mtoto wa mwalimu" au "nyumba ya jirani". Kufika karne ya 17 watu walikuwa wamezoea kuyaandika mbalimbali, lenye herufi moja ya "f" na lenye herufi mbili. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "turn of" badala ya "turn off" amechanganya ndugu wawili waliokwisha kutengana. Angalieni sana herufi hiyo ya pili.

MAANA ZA KALE

Msidhani kwamba "turn off" ilianza na taa. Zamani maneno hayo yalikuwa na kazi nyingine.

Katika Uingereza ya kale, bwana mwenye nyumba aliyemfukuza mtumishi wake kazini, ilisemwa kwamba "amemturn off". Alimgeuza, akamwelekeza mlangoni, mtumishi akaenda zake. Maana hiyo mtaikuta katika vitabu vya hadithi vya zamani. Leo Waingereza hawaitumii tena katika mazungumzo yao ya kila siku. Hutumia maneno mengine ya kumwachisha mtu kazi.

Maana nyingine ilikuwa ya kutisha. Mhalifu aliyehukumiwa kunyongwa alipandishwa ngazi iliyoegemezwa kwenye mti wa kunyongea, kamba ikiwa shingoni. Kisha ngazi iligeuzwa, naye akaanguka na kuning'inia. Watu wakasema kwamba "ameturniwa off", yaani amegeuzwa akaachana na ngazi. Hata ngazi zilipokwisha kuachwa, na wahalifu wakawa wananyongwa kwa njia nyingine, watu waliendelea kusema hivyo kwa muda mrefu.

Tazameni jambo lenyewe. Katika maana zote mbili kuna kugeuza na kuna kuachana. Mtumishi anaachana na nyumba, mhalifu anaachana na ngazi. Mpaka hapo bado hakuna taa. Taa ya siku hizo ilikuwa na maneno yake mwenyewe.

TAA YA MOTO

Mpaka mwishoni mwa karne ya 18, nyumba za Uingereza ziliangazwa kwa moto tu: moto wa kuni au makaa jikoni, mshumaa wa mafuta ya wanyama au wa nta, na taa ya mafuta yenye utambi. Vitu hivi vilizimwa kama tuzimavyo sisi koroboi. Mtu alipuliza, au alibana utambi kwa vidole vilivyoloweshwa, au alifunika mwali kwa kikombe kidogo cha chuma.

Neno la kazi hiyo lilikuwa "put out", yaani kuutoa moto, kuuzima. Katika Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611, katika kitabu cha Ayubu, mshumaa wa mtu mwovu unazimwa kwa neno hilo hilo. Kwa kupuliza walisema "blow out", yaani zima kwa pumzi.

Sasa angalieni mambo yanayotokea mtu anapopuliza koroboi. Mwali unakufa. Mafuta yanabaki pale pale katika kikopo chake, yametulia. Hayamfuati mtu kitandani. Ukizima moto umemaliza kazi, unaweza kulala. Kwa maelfu ya miaka binadamu alijua hivyo, na mikono yake ilizoea hivyo.

MAJI YA BOMBA

Lakini kando ya moto kulikuwa na kitu kingine kilichoanza kuingia katika nyumba za mjini, nacho ni maji ya bomba. Mwaka 1613 ulifunguliwa mfereji mrefu uliopewa jina la New River, yaani Mto Mpya, ukileta maji ya chemchemi kutoka jimbo la Hertfordshire mpaka London. Kutoka hapo maji yalipitishwa chini ya barabara katika mabomba ya magogo yaliyotobolewa katikati, mpaka kwenye nyumba za watu waliolipa.

Maji hayakutosha kupelekwa kila mtaa kwa saa zote. Kwa hiyo kampuni za maji ziliajiri watu wa kufungua na kufunga koki za barabarani kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Mtu huyo aliitwa "turncock", maana yake mgeuza koki. Alitembea na ufunguo mkubwa wa chuma, akazungusha koki, maji yakaenda. Akaizungusha tena, maji yakakatika.

Hapo ndipo tunapoona mkono tuliokuwa tukiutafuta. "Turn" ni kuigeuza koki, na "off" ni maji kuachana na bomba, yaani kukatika. Kinyume chake ni "turn on", kuigeuza koki ili maji yaje. Ukishaiona koki, maneno hayo mawili hayana ugumu wowote. Hata hivyo bado tuko kwenye maji. Je, moto uliingiaje katika bomba?

GESI YA MAKAA YA MAWE

Mwaka 1792 fundi mmoja wa Scotland, jina lake William Murdoch, alikuwa akifanya kazi ya mitambo ya mvuke katika mji wa Redruth, kusini-magharibi ya Uingereza. Fundi huyo alitia makaa ya mawe katika chombo cha chuma kilichofungwa, akakichoma kutoka nje. Makaa hayakuwaka kwa sababu hayakupata hewa. Badala yake yalitoa gesi. Murdoch aliipitisha gesi hiyo katika bomba mpaka ndani ya nyumba yake, akaitia moto kwenye tundu la mwisho wa bomba, nayo ikawaka. Nyumba yake ikapata mwanga.

Jambo hilo lilienea upesi. Mwaka 1807 barabara ya Pall Mall, katika London, iliwekewa taa za gesi. Mwaka 1812 Mfalme alitoa hati ya kuanzisha kampuni ya gesi ya London. Mwishoni mwa mwaka 1813 Daraja la Westminster liliangazwa kwa gesi. Marekani nayo haikuchelewa: mji wa Baltimore ulianza kampuni yake mwaka 1816. Viwanda vya gesi vilijengwa katika mji baada ya mji. Gesi iliyotengenezwa ilisafishwa, ikahifadhiwa katika mapipa ya chuma makubwa kuliko nyumba, kisha ikasukumwa katika mabomba chini ya barabara, kama maji.

Taa ya gesi haikuwa na utambi wala kikopo cha mafuta. Ilikuwa ni bomba jembamba lililotoka ukutani au darini, lenye koki ndogo. Mtu aliyetaka mwanga aliigeuza koki, gesi ikatoka, akaiwasha kwa kiberiti. Aliyetaka giza aliigeuza tena, gesi ikakatika, mwali ukafa wenyewe kwa kukosa chakula. Basi maneno ya maji yakahamia kwenye taa. Mwingereza akaanza kusema "turn on the gas" na "turn off the gas".

Hapa ndipo ilipo siri ya somo letu. "Put out" inaupiga moto wenyewe. "Turn off" haiupigi moto. Inafunga njia ya kile kinachoulisha. Kwa koroboi tofauti hiyo haina maana. Kwa gesi, tofauti hiyo ndiyo uhai.

WALIOPULIZA TAA

Katika karne ya 19 watu wengi wa mashamba walikuwa hawajaona gesi. Kwao walikuwa na mishumaa na taa za mafuta. Mtu wa namna hiyo alisafiri kwenda mjini kwa shughuli zake, akapanga chumba katika hoteli. Alikuta taa inawaka ukutani. Usiku ulipofika alifanya kama alivyofundishwa na mama yake tangu utotoni: aliukaribia mwali, akaupuliza. Taa ikazimika. Akalala.

Mwali ulikuwa umekufa, lakini koki ilikuwa wazi. Gesi iliendelea kutoka polepole usiku kucha. Ilikuwa na harufu, lakini aliyelala hakuisikia. Na gesi ile ya makaa ya mawe ilikuwa na sumu ndani yake, iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hiyo huingia katika damu ikachukua mahali pa hewa safi, mwili ukakosa pumzi bila mtu kujua. Ni sumu ile ile inayotoka katika jiko la mkaa. Kwa sababu hiyo twaonywa tusilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Asubuhi mtumishi wa hoteli aligonga mlango, hakuitikiwa.

Mambo haya hayakutokea mara moja tu. Katika Marekani magazeti yaliandika habari za vifo hivyo, na wenye hoteli wakaanza kubandika matangazo vyumbani: usipulize taa ya gesi. Watu wa mjini, kwa bahati mbaya, walizifanya habari hizo kuwa mzaha. Walimcheka mtu wa shamba kwamba ni mjinga aliyepuliza gesi.

Lakini sisi tuliomo darasani tujiulize: je, mtu yule alikuwa mjinga? Alijua kuzima taa, tena aliizima sawasawa kwa kadiri ya taa alizozijua. Kilichomkosa ni mtu wa kumweleza kwamba taa hii si ndugu wa ile. Na kama hakujua kusoma, tangazo lililobandikwa ukutani halikumfaa kitu. Karatasi ya kumwokoa ilikuwa pale pale mbele ya macho yake, naye akalala chini yake. Hiyo ni sababu mojawapo ya sisi kukaa na kalamu mkononi jioni hii baada ya kazi za mchana.

UMEME UNAVAA NGUO ZA GESI

Mwishoni mwa karne ya 19 ulikuja umeme. Joseph Swan katika Uingereza na Thomas Edison katika Marekani walitengeneza taa za kioo zenye uzi mwembamba ndani yake unaong'aa umeme ukipita. Edison alionyesha taa yake mwaka 1879. Tarehe 4 Septemba 1882 alianzisha kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl Street, New York.

Edison aliijua biashara ya gesi, naye alitaka watu waione taa ya umeme kuwa kitu wanachokijua tayari. Kwa hiyo aliiga gesi kwa mambo mengi. Gesi ilipita chini ya barabara, naye akafukia nyaya zake chini ya barabara. Gesi ilipimwa kwa mita, naye akapima umeme kwa mita. Na taa zake nyingi zilikuwa na ufunguo mdogo wa kuzungusha shingoni, mfano wa koki ya gesi. Mtu alizungusha, umeme ukapita. Akazungusha tena, umeme ukakatika. Mkono haukuona mabadiliko, wala ulimi haukuona. Watu waliendelea kusema "turn on" na "turn off".

Katika hoteli matangazo nayo yalibadilika. Sasa mgeni aliambiwa kwamba chumba hiki kina taa ya umeme ya Edison, asijaribu kuiwasha kwa kiberiti, bali azungushe ufunguo ulio ukutani karibu na mlango. Wale wale waliomcheka mtu wa shamba kwa kupuliza gesi, leo walihitaji kuambiwa wasiitie taa moto wa kiberiti! Kila mtu ni mgeni mbele ya chombo kipya.

Kisha swichi zenyewe zikabadilika. Umeme ukikatwa polepole hutoa cheche zinazounguza chuma cha swichi. Mwaka 1884 John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, alibuni swichi inayokata umeme kwa ghafula, cheche isipate nafasi. Baada ya muda zikaenea swichi za kubonyeza juu na chini, kama zilizo nyingi majumbani leo. Hazizungushwi tena. Koki imekwisha, ufunguo umekwisha, lakini Mwingereza bado anasema "turn off the light". Hata simu ya mkononi, ambayo haina kitu chochote cha kuzungusha, anasema "turn off your phone". Gesi ya makaa ya mawe yenyewe iliondolewa katika nyumba za Uingereza kati ya mwaka 1967 na 1977, ikawekwa gesi ya asili inayotoka chini ya bahari. Ulimi wa Mwingereza ungali unashika koki isiyokuwapo.

NA SISI JE?

Msimcheke Mwingereza. Sisi nasi tuna koki zetu.

Watu wetu wengi hawakupitia taa ya gesi. Walitoka kwenye koroboi, taa ya chemli na karabai, wakaingia kwenye umeme. Dar es Salaam ilianza kupata umeme mwaka 1908, wakati wa utawala wa Wajerumani, lakini vijijini taa ya mafuta iliendelea miaka mingi sana baadaye. Kwa hiyo tulipopata umeme tuliupokea kwa maneno ya moto. Twasema "washa taa" na "zima taa". Kuwasha ni kutia moto, kuzima ni kuua moto. Lakini ndani ya taa ya umeme hakuna mwali wa kutiwa kiberiti wala wa kupulizwa. Mwingereza ameihifadhi koki, sisi tumeuhifadhi moto.

Redio nayo ina historia yake katika ulimi wetu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio za siku hizo ziliwashwa kwa kifundo cha mviringo. Ukikizungusha husikia "ta!", kisha sauti inapanda kadiri unavyoendelea kuzungusha. Mwingereza alisema "turn on the radio", na kwa sauti akasema "turn up" kwa kupandisha na "turn down" kwa kushusha. Waswahili wengine walisema "washa redio", kwa mfano wa moto. Wengine walisema "fungua redio", kwa mfano wa mlango au sanduku ambalo ndani yake mna mtu anayesema. Na kwa maji twasema "funga bomba", kwa mfano wa mlango vilevile.

Kwa hiyo asitokee mtu akawaambia kwamba lugha moja ina akili na nyingine haina. Kila lugha ilishika chombo kwa mkono uliokuwa karibu. Kazi ya mwanafunzi ni kuuliza: mkono huu ulikuwa ukifanya nini?

NAMNA YA KUTUMIA MANENO HAYA

Sasa chukueni kalamu zenu. Mwalimu aandike sentensi hizi ubaoni, moja moja.

Ya kwanza: "Turn off the light." Zima taa.

Ya pili: "Turn the light off." Hii nayo ni zima taa. Jina la kitu laweza kukaa baada ya "off" au katikati ya maneno yetu mawili. Yote ni sahihi.

Ya tatu: "Turn it off." Izime. Hapa kuna sharti. Neno "it" ni dogo, nalo halikubali kukaa mwisho. Msiseme "turn off it". Neno dogo lakaa katikati siku zote.

Ya nne: "She turned off the water." Alifunga maji. Jambo lililopita huonyeshwa kwa kuongeza "-ed" kwenye "turn". Neno "off" halibadiliki kamwe.

Ya tano: "Turn off the main road at the big tree." Iache barabara kuu penye mti mkubwa. Hii ni maana ya safari: kugeuka na kuachana na barabara. Hapa hakuna koki wala taa, ila kugeuka na kuachana kupo, kama katika zile maana za kale. Katika maana hii barabara haiwezi kukaa katikati; husemwi "turn the road off", maana ungekuwa unaizima barabara.

Ya sita: "The bad smell turned me off." Harufu mbaya ilinikatisha hamu. Maana hii ni ya siku za karibuni. Mtu amejifananisha na taa: kitu kibaya kimemzima.

Na jambo moja la mwisho. Kwa moto wa kuni, mshumaa au nyumba inayoungua, msitumie "turn off". Moto huo hauna koki. Semeni "put out the fire". Mwingereza akisikia "turn off the fire", atatazama kama kuna jiko la gesi au la umeme humo ndani.

KOKI ILIYO JIKONI MWENU

Nilisema mwanzoni kwamba hatari haijaisha. Sababu yake ni kwamba gesi, ambayo watu wetu wengi hawakuiona katika taa, imekuja kwetu kwa mlango wa jikoni. Siku hizi nyumba nyingi hupikia gesi ya mtungi. Gesi hii si ile ya makaa ya mawe. Haina ile sumu ya zamani, lakini ina ubaya wake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutambaa chini sakafuni na kukusanyika, kama maji yasiyoonekana. Cheche moja ikiipata, hulipuka. Yenyewe haina harufu ya kutambulika. Harufu mbaya tunayoisikia imetiwa makusudi ili ituonye.

Sasa fikirini. Sufuria ya uji imefurika, uji umemwagika jikoni, moto umezimika. Au upepo umepita dirishani, mwali umekufa. Au mtoto amepuliza. Mtu anatazama, haoni moto, anasema, "Jiko limezimika," akaenda zake. Huyo amefanya kama yule mgeni wa hotelini. Moto umezimika, gesi haijafungwa.

Basi Kiswahili chetu nacho chahitaji maneno mawili hapa, na tuyatumie bila kuyachanganya. Kuzima ni kwa moto. Kufunga ni kwa gesi. Ukimaliza kupika, funga koki ya jiko, kisha funga koki ya mtungi. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti, wala usiguse swichi ya umeme, hata kwa kuizima, kwa sababu swichi yaweza kutoa cheche. Funga mtungi ikiwa unaweza kuufikia bila hatari, fungua milango na madirisha, toeni watu nje. Ukimwagiza mtoto asimamie jiko, usimwambie "zima" tu. Mwambie "funga gesi", na umwonyeshe koki kwa kidole.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya "put out" na "turn off"? Toeni mfano mmoja mmoja kutoka nyumbani kwenu.

2. Kwa nini mgeni wa hotelini aliyepuliza taa ya gesi alikufa, na aliyepuliza koroboi hakufa?

3. Sahihisheni sentensi hizi: "Turn of the radio." "Turn off it."

4. Katika Kiswahili twasema "washa taa", "fungua redio", "piga simu". Kila moja ya semi hizi inaonyesha mkono unafanya kazi gani? Waulizeni wazee kama wanakumbuka semi nyingine za namna hiyo.

5. Kila mmoja aandike kwa mkono wake tangazo fupi la maneno yasiyozidi kumi, la kubandikwa ukutani karibu na jiko la gesi. Wale wasio na jiko la gesi wamwandikie jirani. Kisha kila mmoja amsomee mwenzake tangazo lake kwa sauti.

Wasikilizaji, saa yetu imetimia. Somo limekwisha, na mnaweza kufunga redio zenu, au kuzizima, au, kama asemavyo Mwingereza, "turn them off". Kwaherini.